Pole ya Miwani

Mimi sina ugomvi na mtu aliyepanda ndege akaja kusaidia. Lakini aje na maneno ya kutosha. Ukija na neno moja tu, ukalipaka kila mahali kama mafuta ya mgando, iko siku litamtoa mtu roho.

Yule msichana tulimwita Miwani. Alikuwa mmoja wa wanafunzi wa udaktari kutoka ng'ambo waliokuja kujitolea kwenye wodi ya wazazi, na siku hiyo alipangiwa kitanda cha mdogo wangu. Haki yake nampa: hakukaa chini. Tangu asubuhi alikuwa anamsugua kiuno, anampangusa jasho, na kila uchungu ukija anasema, "Pole, mama. Pole." Mfagizi akipita na ndoo, pole. Mlango ukimgonga yeye bega, anauambia mlango pole.

"Dada," mdogo wangu akaninong'oneza, "huyu hata ukipiga chafya atakupa rambirambi."

Nilicheka, lakini kwa juu juu. Mdogo wangu alishazika watoto wawili, wote hawakumaliza hata siku. Huyu alikuwa wa tatu, na alikwishaniambia wazi kwamba huyu naye akienda, hajaribu tena.

Mtoto alitoka, hakulia. Nilikuwa mlangoni. Mkunga na Miwani wakanipita mbio na kifurushi cha kitambaa cha kijani, wakaingia chumba cha watoto wachanga, wakafunga. Nikabaki kwenye benchi la korido. Kila niliyemuuliza aliniambia nisubiri. Nisubiri nini, hasemi. Hasira zikanipanda.

Ndipo Miwani akatoka. Macho mekundu, barakoa imeshuka kidevuni. Akaniwekea mkono begani, akainamisha kichwa. "Pole, mama. Pole sana." Kisha akarudi ndani haraka.

Sasa hapo ungeniambia niulize nini tena?

Nilimpigia shemeji yangu, baba wa mtoto. Ni fundi seremala, na karakana yake haiko mbali. Hakuuliza swali hata moja. "Haya, shemeji," akasema, akakata simu. Halafu nikapiga moyo konde, nikaingia wodini, nikamwambia mdogo wangu kwa kinywa changu mwenyewe kwamba mtoto hayupo.

Hakulia. Aligeukia ukuta, akasema, "Nifunge."

Nilimwelewa. Mara zote mbili maziwa yalimjia na mnyonyaji hayupo, yakamtesa kuliko kidonda, na mimi ndiye niliyemfunga kifua kwa kanga ili yakauke. Nikamfunga tena. Hasira zangu zote zikaishia kwenye lile fundo.

Nilikuwa nakunja nguo zake mkunga alipoingia, Miwani nyuma yake. "Twende, mama. Mtoto alitusumbua, ila sasa anapumua vizuri na anatafuta ziwa. Tunataka umweke kifuani."

"Mtoto gani?" nikauliza.

"Huyu wenu."

"Si amekufa?"

"Nani kasema?"

Nikamnyooshea kidole Miwani. Mkunga akamuuliza kwa Kizungu, wakazungumza kidogo, na yule msichana akabadilika rangi. Kumbe alikuwa ananiomba radhi kwa kunikalisha benchini muda mrefu. Macho mekundu yalikuwa ya kuhangaika na mtoto mpaka akavuta pumzi.

"Nisikilize," nikamwambia. "Mtoto akiwa hai husemi pole. Unasema hongera. Hongera. Hilo nalo lilikuwa zito kulibeba kwenye ndege?"

Akaanza kulia, akaniambia pole. Angesema nini kingine, masikini, na ndilo alilonalo.

Lakini mdogo wangu hakugeuka. "Mara ile pia waliniambia njoo umwone mtoto," aliuambia ukuta. "Nikaenda, nikapewa maiti. Siendi tena."

Mkunga akambembeleza. Mimi nikaapa viapo vyote ninavyovijua. Haikusaidia, maana ni mimi huyu huyu niliyemwambia mtoto hayupo, na sasa namwambia yupo. Nani angeniamini? Hilo ndilo lililonichoma: mtoto chumba cha pili anamtafuta mama yake, na sisi watu wazima tumeshaharibu maneno yote.

Miwani akatoka. Nikajua amekimbia aibu. Mara akarudi amebeba kitu kwenye viganja viwili, akakiweka mkononi mwa mdogo wangu bila kusema neno. Ilikuwa nepi ya kitambaa, imelowa.

Mdogo wangu akaifinya. Akaileta puani.

"Ina joto," akasema. Akageuka, akanitazama. "Dada, amekojoa. Nifungue."

Fundo likagoma. Nikatia kucha, nikatia meno, wapi. Miwani akachukua mkasi na kuipasua kanga yangu katikati, kanga mpya kabisa, na mdogo wangu akashuka kitandani kabla hatujamshika.

Nilipomwona mtoto amelikamata ziwa, ndipo nikamkumbuka shemeji. Nikapiga, simu ikaita mpaka ikakatika. Nikapiga tena na tena. Akishika randa, yule hasikii.

Nikatoka kumngojea mlangoni pa wodi, Miwani akanifuata. Shemeji akaja na unga wa mbao kichwani, ameshika kwapani kisanduku kidogo kilichofungwa kwa gazeti. Ni yeye aliyewatengenezea wale wawili pia. Kabla sijafungua mdomo, Miwani akamwendea anatabasamu.

"Hongera, baba."

Shemeji akamtazama, akakitazama kisanduku, na nikaona ngumi inajikunja. Nikajitupa katikati yao.

"Yuko hai. Shemeji, yuko hai, ananyonya."

"Si wewe uliyenipigia?"

"Ni mimi."

Akakiweka kisanduku chini, akakikalia. Hakikulia hata kidogo, ni fundi kweli yule. Akaficha uso mikononi, mabega yakaanza kutikisika. Miwani akanigeukia, macho yananiuliza safari hii aseme neno gani.

Nikamwekea kidole mdomoni, na kwa mara ya kwanza siku ile tukaelewana.