Chumba Chenye Kioo

Mume wangu alikuwa amekwisha kukipenda kile kioo kikubwa cha dirisha la barabarani kabla dalali hajafungua mlango. "Biashara matangazo, mke wangu. Hapa kila mpita njia anaona kazi yako."

Nyumba ninakoshonea inabomolewa mwisho wa mwezi, na vyumba ninavyovimudu ni viwili tu: hiki, na kingine nyuma ya bohari, chenye mlango wa uchochoroni na dirisha dogo. Mimi nilikitaka cha uchochoroni. Sababu sikuweza kuitoa.

Magauni nashona kama mafundi wengine, lakini kinachoniweka mjini ni sidiria za wanawake waliokatwa titi kwa maradhi. Nashona mfuko kwa ndani, najaza sufi na shanga kidogo, nabeba mkononi na kupima tena mpaka uzito ulingane na wa upande wa pili. Wateja hawa huingia kwa mlango wa nyuma, na sijapata kumtaja hata mmoja. Kwa mume wangu ndiyo kabisa, maana mmoja wao ni dada yake.

Naye wifi yangu alikuwa pale pale, amekumbatia mkoba. Mume wangu, ambaye ni mdogo wake, alimleta amsaidie kunishawishi.

"Kuna kinyozi yuko njiani," dalali alisema. "Mimi sina upande. Atakayewahi ndiye mwenye chumba."

"Cha uchochoroni kinanitosha," nilisema. "Kizuri chajiuza."

"Kinajiuza gizani?" Mume wangu alishusha sauti. "Majirani wameniambia kuna watu wanaingia kwako kwa mlango wa nyuma. Nikanyamaza. Leo unataka uchochoro. Unanificha nini?"

Dalali akajitia kukagua kitasa. Miaka yote hii kitanda kimoja, na mtu ananiuliza hivyo mbele ya dalali. Neno moja tu lingenisafisha, lakini halikuwa langu.

"Nifikirie utakavyo," nilisema. "Hapa sihamii."

"Hata kama itabidi uhame na kwangu?"



Akamgeukia wifi. "Dada, umemsikia mwenyewe. Sema naye."

Wifi aliweka mkoba chini, taratibu. Nilimtikisia kichwa, asiseme. Hakuniangalia.

"Wale wa mlango wa nyuma, mmoja ni mimi," alisema. "Mwaka jana niliwaambia nakwenda kwa shangazi. Nilikwenda kukatwa titi. Hili unaloliona kanishonea mkeo. Akihamia hapa, mdogo wangu, mimi siji. Na wenzangu hawaji."

Watu walikuwa wakipita nje, na mmoja alisimama kuchungulia. Wifi alijifunika uso kwa viganja, akaanza kulia.

Mume wangu alikwenda akasimama kati ya dada yake na kile kioo, akawapa watu wa barabarani mgongo wake, na hakusogea mpaka dada yake alipomaliza kulia.