Mkono wa Pettengill na Waya wa Dunlin

Ungemwuliza Orrin Pettengill historia ya meli ya Dunlin, angekupa historia ya Orrin Pettengill.

Meli ilijengwa kufagia mabomu ya baharini. Mwaka 1919, vita vikiwa vimekwisha, yeye na wenzake walivuta waya miezi mitano kaskazini ya Uskochi, wakikata mabomu yaliyotegwa chini ya maji. Baadaye Dunlin ikaletwa New London, ikavuliwa zana za zamani, ikapewa pampu za hewa, wazamiaji na kazi mpya: kuokoa mabaharia wa nyambizi zilizokwama chini. Miaka minane ilikuwa imepita tangu hapo. Meli ilibadilika. Pettengill, mkuu wa winchi, ile mashine ya kuvutia waya, hakubadilika hata ukosi.

"Nyambizi ni jeneza lenye mpishi," alipenda kusema. "Mtu mwenye akili huzama mara moja tu, tena kwa bahati mbaya."

Kwa maneno hayo alimlenga Kazimir Dubiel, aliyehamishiwa Dunlin kutoka kwenye nyambizi.

"Sawa, mzee," Dubiel alizoea kumjibu. "Na ufagio wenu huu umechakaa mpaka wenyewe unataka kufagiwa."

Jumamosi moja ya Oktoba, maharage ya asubuhi yakiwa bado tumboni, nahodha Hallowell alimwita Pettengill.

"Leo tuna mkaguzi. Nyambizi imelala chini futi mia na thelathini, watu thelathini na watatu ndani. Ni zoezi tu, lakini tutaitafuta kwa kulabu kana kwamba imezama kweli. Kulabu ikinasa, shika waya, mzamiaji ateremke kwa huo huo. Ukiharibu, winchi nampa mwingine."

"Nilishika winchi hii kabla hujaota ndevu, nahodha."

"Ndiyo maana nakukumbusha."

Dubiel alimletea karatasi ya maagizo mapya. Pettengill akaifutia mikono. "Karatasi nzuri hii. Inanyonya grisi."

Sasa, wafagia mabomu walikuwa na sheria yao. Waya ukiwa mzito ghafla, umeshika bomu, nalo laweza kuja kubisha hodi ubavuni. Basi unaachia waya wote, unalala kifudifudi. Anayetaka kuuliza maswali atamwuliza Mungu.

Saa nne waya ulikaza. Winchi ikaguna. Kulabu ilikuwa imenasa nyambizi, tena vizuri kabisa.

Pettengill akaachia breki.

"Laleni!" akapiga kelele, akajitupa chini, mikono kichwani, huku waya wote ukikimbilia baharini. Hakuna kilicholipuka. Mkaguzi, kikombe cha kahawa mkononi, alimtazama kama mtu atazamavyo uji uliomwagika.

"Huyu anasali?"

"Ingekuwa afadhali," akasema Dubiel.

Mara fundi wa chombo cha kusikiliza akatoa kichwa dirishani. "Nahodha, walio nyambizini wanagonga kwa nyundo. Wanasema: waya tumepokea, leteni na ndoo ya kudekia."

Sitaha nzima ikaangua kicheko. Pettengill akainuka, magoti yamelowa. Kicheko alikistahili, naye alilijua hilo. Lakini hakukisikia vizuri. Alikuwa akifikiria watu thelathini na watatu walioguswa na kulabu kisha wakanyang'anywa. Aliwaachia kama bomu.

Waya wa pili ulipokuwa ukiandaliwa, alimwendea Dubiel.

"Nifunge mkono kwenye breki."

"Unasemaje?"

"Mkono huu hausikii. Nifunge."

"Kama mbuzi?"

"Kama mbuzi. Fanya haraka."

Dubiel akavua mkanda wake, akafunga mkono pamoja na mpini wa breki kwenye nguzo ya winchi. "Nikaze?"

"Kaza. Usinionee huruma."

"Nani kakwambia nina huruma?"

Saa sita kasoro, kulabu ilinasa tena. Mkono wa Pettengill uliruka kama samaki. Mkanda ukamkata ngozi. "Mungu wangu!" akalia, na safari hii hakuwa akitukana. Waya ulishika. Mzamiaji akateremka kwa huo waya, akagonga mara tatu bati la nyambizi, akajibiwa.

Nahodha akaja, akautazama mkanda.

"Umeshika."

"Mkanda ndio ulioshika, nahodha. Winchi mpe Dubiel."

"Nilisema ukiharibu. Umesharekebisha."

"Siku watu wakizama kweli, nani atapata muda wa kunifunga?"

Nahodha akamgeukia Dubiel. "Unaitaka?"

"Naitaka. Ila kwanza anifundishe milio ya hii breki. Bikizee huyu simwelewi ananung'unikia nini."

"Fundo umelifunga mwenyewe na kulifungua kumekushinda," akasema Pettengill. "Breki utaiweza?"

"Nyamaza, mzee," akasema Dubiel, meno yakiwa kwenye mkanda, "la sivyo nakuacha hapa mpaka Jumatatu."