Mwembe wa Zamu

Baba yangu, Mzee Mayala, hakuwahi kukubali kwamba mti unaweza kupumzika. Mwembe wetu wa Itetemia, ule mama aliourithi kwa mama yake, ulizaa kwa zamu: mwaka huu matawi yanaelemewa, mwaka unaofuata hata ua huoni. Na embe lake lilikuwa na maringo. Liliiva wakati madodo yamekwisha sokoni, tena likabaki kijani vilevile, mgeni akalipita akidhani bichi. Sisi tulinusa kikonyo. Kikinukia asali, limeiva.

Kila mwaka wa mapumziko, baba alichukua panga akaenda kuutisha, kama walivyofanya wazee wake. Alipiga gome mara moja, mbili, akifoka, "Huzai? Nakukata!" Kazi ya mama ilikuwa kutoka jikoni mbio na kuuombea: "Uache, Baba Jenifa! Utazaa." Baba alinung'unika, akarudisha panga. Mwaka uliofuata ukizaa, alijisifu mpaka tukamcheka.

Mwaka juzi mama alirudishwa kutoka hospitali. Madaktari walisema tumuuguze nyumbani. Chakula kilimshinda. Alitamani kitu kimoja tu, embe lake, na haukuwa mwaka wa embe. Baba akachukua panga.

Mimi nilikuwa ndani namgeuza mama kitandani. Nilipotoka, baba alikuwa ameuzunguka mwembe mzima, gome limebanduka pande zote, machozi yanamtoka na bado anapiga. Hapakuwa na mtu wa kumwambia basi.

Jirani yetu Silasi alilitazama lile jeraha, akatikisa kichwa. "Utazaa, mzee. Utazaa sana. Halafu ndiyo mwisho wake."

Kweli ukazaa kuliko miaka yote. Mama naye akavumilia, sijui kwa nguvu gani, hadi mwezi wa pili. Majani yalikuwa yameshaanza kukauka, lakini kutoka kitandani kwake hayakuonekana. Nikammenyea embe la kwanza. Alinusa kikonyo, akala vipande viwili, akatabasamu. Siku ile nilimpenda baba kuliko siku zote, na nilimkasirikia vilevile.

Kisha mama akaacha kutafuna.

"Mbona mwaka huu si zamu yake?"

"Niliutisha," baba akasema.

Mama alimgeukia. "Na nani aliuombea?"

Baba alikuwa ameshika kokwa, hajui aiweke wapi.