Dix kwa Madame Domitille

Mardi, quatrième heure, mvua ilikuwa inapiga mabati ya Kadutu. Préfet Philémon, mukubwa wa shule, akaingia mu classe ya cinquième na mafiche, makaratasi ya kuandikia cote. Banafunzi soixante-deux bapime mwalimu wao wa chimie, Madame Domitille. Swali moja tu njo ilikuwa na mambo: "Mwalimu anafanyaka expérience? Mumupatie cote juu ya dix." Mwenye kupata chini ya cinq, nusu ya ile kumi, banamutuma kufundisha Nyangezi, mbali inje ya muji.

Sasa, labo ya ile masomo, chumba ya expérience, ilifungwa tangu miaka saba. Ufunguo iko ku shingo ya préfet, na ndani kuko sima ya nyumba yenye anajenga. Kwa hiyo Madame anachoraka: bécher ya kutia maji, maji, moto, yote na craie ku tableau, ile ubao nyeusi.

"Tuandike nini? Zéro?" Elodie akauliza pole-pole.

"Weye una wazimu? Tubaki bila Madame?" Tatiana akamujibu. "Weka dix."

"Ni kusema bongo. Madame hajafanya expérience hata moja."

"Mungu anajua ni nani iko na ufunguo. Weka!"

Bakaweka dix bote. Fiche ya mwisho kufika ku meza, moto ya kuchorwa ku tableau ikawaka, na maji ya mu bécher ikaanza kuchemuka.

"Mufungue madirisha, moshi isituue," Madame akasema, akaendelea na somo. Gloire akagusa tableau, kidole ikaungua. Madame akamuchorea maji ya baridi, Gloire akaingiza kidole mule.

Préfet akavaa miwani, akakaribia, akaota moto kidogo, sababu koti yake ilikuwa imelowa.

"Félicitations, Madame. Unabaki. Na labo ni ya nini tena? Tableau inatosha."

Kesho yake préfet akaingiza mu labo mifuko ingine makumi mbili ya sima.

Njo Elodie akasema: "Madame, utuchoree ufunguo." Madame akaichora na meno yote, alikuwa anaikumbuka vizuri. Elodie akaitosha ku tableau, akaishika mu mukono, bakashuka na Tatiana ku labo. Mulango ikafunguka bila shida. Sima ilikuwa imefika yulu ku plafond. Katikati ya mifuko mbili, jicho ya microscope ilikuwa inatokea. Elodie akachungulia mule.

"Unaona nini?" Tatiana akauliza.

"Sima. Lakini kubwa!"

Bakafunga, bakarudisha ufunguo ku tableau, na Madame akaipangusa na éponge, sababu saa ya Français ilikuwa imefika.