Tofali la Saba

Simu ya kwanza ilikamatwa wiki ya pili ya Julai, na wasichana wa bweni la Katuma wakasema ni bahati mbaya. Ya pili wakasema ni uzembe. Ilipokamatwa ya tano, Scolastica, kiranja wa bweni, alikaa kitandani kwake akitafuna ukucha wa kidole gumba, kisha akalisema lile neno ambalo kila mmoja alikuwa nalo mdomoni.

"Humu ndani tuna mnoko, anatuchoma kwa walimu."

Sekondari ya Wasichana Nsanda, nje kidogo ya Mpanda, njia ya kwenda Mwamkulu, ilijengwa mwaka 1975, Katavi ikiwa bado haijawa mkoa. Kwa miaka hamsini wasichana wameamka pale saa kumi na moja alfajiri, wamekula makande mpaka yakawatoka puani, na kwa miaka hiyo yote wameficha vitu. Zamani barua, baadaye redio ndogo, siku hizi simu, ambazo ni marufuku. Na maficho hayakubuniwa ovyo. Kila mwaka kidato cha tano kinapowasili, dada zao wa kidato cha sita huwachukua wawili wawili na kuwaonyesha kile wanachokiita urithi: dari ya bafu la tatu, miguu ya vitanda vya chuma iliyo mitupu ndani, na tofali la saba kutoka kona ya jiko la zamani, ambalo hutoka ukilivuta kwa kucha. Haiandikwi popote. Asiyeonyeshwa hajui, na mwalimu haonyeshwi.

Sasa makamu mkuu wa shule, Mwalimu Cecilia, alikuwa anajua. Hapo ndipo palipowauma. Yule mama hakupekua kama walimu wengine wanaomwaga matranka na kufunua magodoro. Aliingia bafuni, akapanda juu ya ndoo iliyofudikizwa, akanyoosha mkono darini, akashuka na simu mbili. Asiyeambiwa hutafuta. Yeye alichukua tu, kama mtu anayetoa chumvi kabatini kwake. Wakambandika jina la Rada.

Mwalimu Cecilia alikuwa amehamia Nsanda Julai hiyohiyo, akitokea Tabora. Na wiki hiyohiyo aliwasili Specioza, mwanafunzi wa kidato cha tano kutoka Inyonga, binti wa mrina asali, wa kwanza katika ukoo wao kupita kidato cha nne. Wageni wawili waliingia getini wiki moja. Wasichana wakamtazama mmoja tu, yule ambaye wangemuweza.

Specioza alikuwa mpole, wa maneno machache, na Kiswahili chake kilikuwa na lafudhi ya Kikonongo iliyowachekesha watu. Chini ya kitanda chake palikuwa na dumu la asali, na mwanzoni bweni zima lilichovya mkate humo bila kuomba. Simu hakuwa nayo. Na kila Jumamosi, nguo zikishaanikwa, alivuka uwanja, akaingia ofisini kwa Mwalimu Cecilia, akafunga mlango. Nusu saa. Alitoka akiwa na macho mekundu.

"Huwa unafuata nini kule?" Scolastica alimwuliza siku moja kwenye karo la kufulia.

"Naongea tu, dada."

"Mnaongea nini?"

"Mambo ya nyumbani." Akaendelea kusugua kola ya shati ambayo ilikuwa imetakata zamani.

Jibu hilo lilimkaa Scolastica kooni. Mambo ya nyumbani, na makamu mkuu? Alianza kumchunguza. Specioza akiinama chini ya kitanda, Scolastica aligeuza shingo. Akiandika daftarini, Scolastica alipita nyuma yake taratibu. Ukishaanza kumshuku mtu, hata chafya yake ina maana. Usiku wa kwanza aliposali rozari kwa muda mrefu, wenzake walimwona mcha Mungu. Sasa wakaulizana anatubu nini.

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Upendo, rafiki yake Scolastica, ingawa yeye ndiye aliyekuwa na huruma kuliko wote. "Ila tuwe na uhakika, Scola. Mtoto wa watu huyu."

"Uhakika nitaupata."

Alikuwa na akili Scolastica, na akili hiyo ndiyo iliyomponza. Jumanne alimvuta Specioza pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba ameihamishia simu yake kwenye tofali la saba, na kwamba hajamwambia mwingine yeyote, hata Upendo. "Ni siri yetu wawili." Specioza alionekana kufurahi kuaminiwa. Akaahidi.

Alhamisi, saa ya mapumziko, Mwalimu Cecilia alionekana akielekea nyuma ya jiko la zamani, mikono mgongoni. Aliporudi, simu ya Scolastica ilikuwa kiganjani mwake.

Hakuna aliyempiga Specioza. Nalisema hili kwa sababu baadaye ndilo walilojitetea nalo. Nsanda wasichana hula sita sita, beseni moja la ugali na bakuli moja la maharage, na kundi lako la beseni ndilo ndugu zako mpaka unamaliza shule. Jioni ile Specioza alipochuchumaa mahali pake, Scolastica alimsogezea sahani ya bati yenye kipande cha ugali.

"Wewe chakula chako hiki hapa."

"Nimefanya nini, dada?"

"Kamwulize rafiki yako ofisini."

Tangu hapo alikula peke yake. Akiingia bafuni, waliokuwemo walitoka. Akisalimia, kimya. Asali ikakaa chini ya kitanda, dumu limefungwa, hakuna aliyeomba tena. Alijaribu kuapa mara moja, kwa jina la Bikira Maria, na mtu kutoka kitanda cha juu akacheka. Hakuapa tena. Wiki ya tatu alianza kuacha chakula. Wiki ya tano, asubuhi ya Jumatatu, bodaboda ilikuja getini. Tranka lake likafungwa kwa mpira nyuma ya kiti, akaondoka kuelekea stendi. Ikasemekana amerudi Inyonga, anaumwa. Dumu la asali aliliacha.

Scolastica alitazama kupitia dirishani mpaka vumbi likatulia. Alisikia nafuu, na hilo ndilo jambo analojichukia kwalo mpaka leo.

Wiki mbili baadaye zilikamatwa simu tatu zaidi, zote ndani ya miguu ya vitanda. Upendo akamtazama rafiki yake.

"Alishamwambia yote kabla hajaondoka," Scolastica alisema haraka. Lakini usingizi wa Scolastica ukaanza kukatika, naye hakutaka kujiuliza kwa nini.

Oktoba shule ikatimiza miaka hamsini. Maturubai yakafungwa uwanjani, ng'ombe wawili wakachinjwa, na wasichana wa zamani wakaja kutoka pande zote wakiwa na vitenge vya sare, wengine na wajukuu mgongoni. Kukawa na risala, ngoma na risala nyingine. Kisha mshereheshaji akamwita Mwalimu Cecilia aeleze historia ya shule, "kwa kuwa yeye ni zao la hapahapa."

Scolastica aliinua kichwa.

"Nililala bweni la Katuma, kitanda cha tatu kutoka mlangoni," Mwalimu Cecilia alianza, akicheka kabla hajafika mbali. "Mwaka tisini na sita. Nyie vijana mnadhani nyie ndio mmeanza utundu? Lile tofali la saba la jiko, mimi na mwenzangu Paskalia ndio tuliolilegeza kwa kijiko cha jikoni, wiki mbili nzima, tupate pa kuficha redio!"

Maturubai yalilipuka kwa vicheko. Mama mmoja mnene akasimama akipiga makofi: "Na dari ya bafu la tatu!" Mwingine akadakia, "Na miguu ya vitanda!" Wanawake wazima wakashikana mabega wakifuta machozi, wakiutaja urithi wote mmoja mmoja, mbele ya mgeni rasmi, kwenye kipaza sauti.

Scolastica hakucheka. Alikaa chini kwenye nyasi na sare yake nyeupe.

Sherehe ilipokwisha alikwenda ofisini. Mwalimu Cecilia alikuwa anavua viatu.

"Mwalimu, tofali la saba... siku ile ulipoikuta simu yangu, nani alikuwa amekwambia?"

"Aniambie nani? Mimi kila Alhamisi hulipitia. Niliyaacha maficho yangu hapa, nikayakuta hapahapa."

"Na Specioza?"

"Specioza kafanyaje?"

"Alikuwa anakuja hapa. Kila Jumamosi."

"Bibi yake aliyemlea amepooza. Nilikuwa nampa simu yangu aongee naye, maana mtoto hana simu." Akaweka viatu chini. "Mwishoni aliniomba nimhamishe bweni. Nikamwuliza nani anakusumbua. Mara tatu nilimwuliza. Hakumtaja mtu. Akasema tu hapatani na chakula."

Scolastica alisikia uso wake ukiwaka. Alitaka kuondoka, hakuweza. "Ni mimi, Mwalimu," akasema. "Mimi ndiye niliyemtenga. Naomba niongee naye."

Mwalimu alitafuta namba ya yule bibi, akaipiga, akamkabidhi simu. Iliita muda mrefu.

"Shikamoo, Mwalimu," sauti ya Specioza ilijibu, ya mbali.

"Si Mwalimu, Spe. Ni mimi, Scola."

Jogoo akawika huko Inyonga.

"Mnoko wenu mmempata?" Specioza aliuliza.

"Hakukuwa na mnoko." Akarudia. "Hakukuwa na mnoko, mdogo wangu. Nisamehe. Rudi shule, beseni lina nafasi yako."

"Kwamba mnoko si mimi, hilo nilikuwa nalijua, dada," Specioza alisema taratibu.

Simu ikakatika. Scolastica akabaki ameishikilia sikioni. Yeye aliyekuwa hodari wa kujua nani kafanya nini na kwa nini, hakuweza kujua kama ni mtandao wa Inyonga, au ni kidole cha Specioza.