Pindo la Gauni la Venusi

Lapo alikuwa msomi, na msomi akitaka kukutoa nyumbani kwako hakuvuti mkono, anakufafanulia picha. Ndugu zake walilijua hilo, ndiyo maana walimtuma yeye aje kumchukua dada yao Selvaggia, mwezi mmoja tu baada ya mazishi ya mumewe. Mjane wa miaka ishirini na miwili, kwa desturi ya mji wa Firenze, hurudi kwao akaolewe tena. Mtoto hubaki kwa ukoo wa baba.

Picha yenyewe ilikuwa ukutani mkabala na kitanda, zawadi ya harusi kutoka kwa marehemu Neri. Venusi, mungu wa kike wa mapenzi, amesimama katikati. Upande mmoja mwanamume amelala chini ya mti. Upande wa pili njia inapanda kilimani. Mwanawe Mapenzi, mtoto mwenye mabawa, ameshika pindo la gauni la mama yake.

"Tazama, dada," Lapo akasema. "Huyu aliyelala ni mauti. Mchoraji kamwekea giza, mwanga wote kaupeleka njiani. Na Mapenzi anamwongoza Venusi aende zake. Neri mwenyewe kakuachia ruhusa ukutani, wewe unang'ang'ania nini?"

"Mbona Neri alipokuwa hai ulisema huyo amelala kwa kushiba raha?"

"Picha nzuri haina maana moja."

"Ina ile unayoitaka wewe siku hiyo."

Lapo akacheka. Selvaggia alikuwa akilitazama lile pindo. Miaka mitano amelitazama kutoka kitandani, na hakuwahi kuona kwamba limenyooka kwa nyuma, kama linavutwa.

"Anayekuongoza hutangulia, kaka. Huyu yuko nyuma."

"Basi anamsukuma."

"Kwa kuvuta?"

Lapo akawaita wapagazi wabebe kasha la dada yake. Selvaggia akavaa joho, maana kumshinda kaka mmoja kwa hoja si kuwashinda wote wanne. Akafika mlangoni bila kuvutwa na chochote. Hilo ndilo lililomgeuza.

Dianora, bintiye wa miaka mitatu, alikuwa amesimama chini ya picha, mikono kaificha mgongoni.

"Mbona hunishiki, mwanangu?"

"Bibi kasema nisikushike. Utachelewa."

Selvaggia alirudi, akapiga magoti, akautoa mkono mmoja wa mtoto mgongoni na kuufumbatisha pindo la gauni lake jeusi.

"Shika," akasema. "Vuta."