Sauti Iliyojiita Kanga Nne

Mwaka 1995 mume wangu Hozefa alikuwa akinunua dhahabu Rwamgasa, mimi nikibaki na duka letu Kahama. Huko machimboni simu haikuwepo. Tuliwasiliana kwa redio ya upepo ya Mwahija, mama Amira, aliyekodi chumba karibu na stendi na kupitisha ujumbe wa wafanyabiashara. Kila mmoja alikuwa na jina lake la hewani. La Hozefa lilikuwa Kanga Nne, na tulimtambua kwa hilo tu, maana sauti zilifika zikikwaruza, huwezi kujua huyu nani na yule nani.

Jumanne moja asubuhi mama Amira aliniita haraka. Nilipoingia, redio ilikuwa ikiongea.

"Hapa Kanga Nne. Nimevunjika mguu shimoni. Naznin alete Land Rover, peke yake, apite njia ya msituni atawahi. Ova."

Nikageuka kukimbilia gari, lakini mama Amira alinidaka mkono.

"Pole sana, baba," alisema redioni. "Na mtoto Gulnaz, aje naye au amwache? Ova."

Sisi hatukuwa na mtoto. Nilimkodolea macho, akaweka kidole mdomoni.

"Amwache kwa jirani. Afanye haraka! Ova."

Mama Amira akapunguza sauti ya redio. "Mumeo hajawahi kuniita bila shikamoo. Huyu kaanza na amri. Kaa hapa, mwanangu."

Akahamia masafa mengine, akamwita Pantaleo, mwenye redio Geita mjini, amtume mtu kwa pikipiki mpaka Rwamgasa. Kisha akapeleka habari polisi. Tukasubiri. Alinipa chai nikashindwa kuinywa; akaenda kuswali adhuhuri, akarudi, akanishika tena mkono.

Saa tisa redio ikakoroma.

"Shikamoo, mama Amira. Kanga Nne hapa. Betri yangu ilikufa tangu jana, nimeazima ya gari. Mtu wa Pantaleo ananiambia nimevunjika mguu! Naznin yuko wapi?"

"Marahaba, baba. Yupo hapa, analia."

Kweli nililia, tena kwa sauti, bila aibu.

Polisi walikuta magogo yamelazwa katikati ya njia ya msituni. Majambazi wenyewe walikuwa wamekimbia, wakaacha redio ya kubebeka ndani ya gunia na karatasi yenye majina yetu yote ya hewani.

Hozefa aliporudi tulikwenda pamoja kumshukuru. Njia nzima alikuwa akipanga maneno, lakini alipofika mlangoni yote yalimtoka. Alisema tu, "Mama, umenirudishia mke," akajifuta macho kwa kiganja.

"Mshukuruni Mungu," mama Amira alijibu. "Mimi nilimuuliza swali moja tu. Karibuni ndani, wali uko tayari."

Baadaye alihamia Tabora kwa wanawe, na hatujaonana siku nyingi. Lakini kila ninapoinua mikono kuomba dua, jina lake hulitangulia hata la mama yangu mzazi.